Kitabu cha Nahau kwa Asiye na Mwalimu

Akina baba, akina mama, na vijana mliojaa pale nyuma, asalaam alaykum na habari za jioni.

Mada niliyopewa ni namna ya kuchagua kitabu cha sarufi kwa mtu anayetaka kujifunza Kiarabu cha kisasa peke yake. Nitalisema la mwisho kwanza, ili atakayelazimika kuondoka mapema aondoke nalo: kitabu cha kusomeshea si kitabu cha kujisomea. Vitabu vingi vya nahau, yaani sarufi, vinavyosifiwa, na vinastahili sifa, viliandikwa viwe mkononi mwa mwalimu. Ukijifungia na kimoja chumbani, nusu yake hunayo, kwa sababu nusu hiyo ilikuwa kichwani mwa sheikh.

Mfano ulio karibu nasi ni Ajurrumiya, matini fupi ya nahau. Mtungaji wake, Ibn Ajurrum wa mji wa Fas nchini Moroko, alifariki mwaka 1323, na hadi leo matini yake inasomeshwa katika vyuo vya pwani yetu. Ni kurasa chache tu. Sentensi ya kwanza inasema kwamba kalaam, yaani usemi, ni tamko lililoungwa, lenye kufidisha, kwa kuwekwa. Sasa msomaji aliye peke yake afanye nini na hilo la "kwa kuwekwa"? Wafafanuzi wenyewe wamelieleza kwa njia zaidi ya moja. Matini ile ilitungwa ihifadhiwe moyoni, kisha mwalimu aifungue neno kwa neno. Kwa kazi hiyo haina mpinzani, lakini kujisomea ni kazi nyingine.

Watakuja wengine waseme, basi tuchukue An-Nahwu l-Waadhih, kile cha Wamisri wawili, Ali al-Jarim na Mustafa Amin, chenye juzuu tatu za shule ya msingi na tatu za sekondari. Kitabu kizuri mno hicho. Kila somo linakupa mifano kwanza, halafu uchambuzi wa mifano hiyo, halafu kanuni, halafu mazoezi. Ila kiliandikiwa mtoto wa Kimisri anayezungumza Kiarabu nyumbani tangu alipoanza kusema. Akiambiwa "weka kitenzi kifaacho mahali palipo wazi", yeye vitenzi anavyo tele na anachojifunza ni kuvitia irabu za mwisho tu. Wewe vitenzi vyenyewe huna. Na ndani ya kitabu majibu hamna. Utajaza nafasi ishirini, zote kwa kosa lile lile, na kitabu kitanyamaza.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kuangalia, kabla ya jalada, kabla ya bei, ni majibu. Fungua kurasa za mwisho. Kama majibu hayapo, uliza kama kuna kitabu cha majibu kinachouzwa mbali. Sarufi ya Haywood na Nahmad, iliyotoka London mwaka 1962 na ambayo wengi wamejisomea kwayo, majibu yake yako katika kitabu kingine. Al-Kitaab ya Chuo Kikuu cha Georgetown nayo ni hivyo hivyo. Anayenunua kitabu bila majibu yake amenunua mazoezi ambayo hayatasahihishwa na mtu. Kisha yatazame hayo majibu yenyewe. Zoezi la kutoa Kiarabu na kutia lugha unayoijua ni rahisi, mtu hubahatisha maana akapata. Zoezi linalokufichua ni lile la kukupa sentensi katika lugha unayoijua uiandike kwa Kiarabu. Kitabu kinachofaa kina mazoezi hayo karibu kila somo, na majibu yake yametiwa irabu mpaka herufi ya mwisho. Majibu yasiyo na irabu hayakwambii kama ulipaswa kusema al-kitaabu, al-kitaaba au al-kitaabi, na hapo ndipo makosa yalipo.

La pili ni kujua kama kitabu kinafundisha Kiarabu cha leo au cha karne zilizopita. Nahau ya msingi ni ile ile, hilo mnalijua. Lakini magazeti, matangazo ya habari, mikataba na barua za ofisini vina mitindo yao, na kitabu kisichoitaja kitakuacha mlangoni. Nenda kwenye faharasa mwishoni utafute maneno haya: tamma, qaama bi, min qibal, 'adam, ghayr, lam ya'ud. Dakika tano zinatosha. Usipoyapata hata mawili, kirudishe rafuni.

Kwa nini hayo? Chukua sentensi ya gazeti: tamma tawqii'u l-ittifaaqi amsi. Kwa neno moja moja ni "ulitimia utiaji saini wa makubaliano jana", yaani makubaliano yalitiwa saini jana. Muundo huu wa tamma pamoja na masdari, yaani jina la kitendo, umetapakaa magazetini, kwa sababu unamwepusha mwandishi na kutendwa kwa kitenzi, ambako bila irabu hakuonekani. Au hii: qaama l-waziiru bi-ziyaarati l-mustashfaa. Aliyesoma kitabu cha kale atamwona waziri akisimama, kwani qaama ni kusimama. Waziri hakusimama popote, alifanya ziara hospitalini. Min qibal ndiyo "na" yetu ya kutendwa, kama "umeandikwa na kamati". 'Adam hukanusha masdari: 'adamu l-istiqraar, ukosefu wa utulivu. Ghayr hukanusha kivumishi: ghayru rasmiyy, isiyo rasmi. Sarufi kubwa ya William Wright, ambayo toleo lake la tatu lilitoka kati ya 1896 na 1898, inapatikana bure mtandaoni, na mtu huipakua kwa sababu ni ya bure na ni nene. Ni bahari ya elimu kwa mashairi na vitabu vya kale. Kwa taarifa ya habari ya jioni haikuandikwa.

La tatu ndilo nitakalokaa nalo, maana hapa ndipo wanaojisomea wanapokata tamaa, wakidhani tatizo ni akili zao. Ni majedwali ya vitenzi vyenye herufi dhaifu, yaani waw na yaa zinazobadilika au kudondoka.

Andikeni herufi tatu, kwa wenye kalamu: يعد. Yaa, ayn, daal. Neno hili liko kila siku gazetini, halina irabu, na linaweza kusomwa namna sita. Ya'uddu, anahesabu. Yu'addu, anahesabiwa au anachukuliwa kuwa, kama "mji huu yu'addu mkubwa kuliko yote nchini". Yu'iddu, anaandaa. Hayo matatu yanatoka mzizi wa ayn, daal, daal. Kisha ya'idu, anaahidi, mzizi wake waw, ayn, daal, na waw imedondoka. Kisha, baada ya lam ya kukanusha, ya'ud, hakurudi, na yu'id, hakurudisha, mzizi wa ayn, waw, daal, na waw imedondoka tena lakini safari hii katikati. Halafu huyu lam ya'ud akifuatwa na kitenzi kingine hana habari na kurudi kokote. Maana yake inakuwa "si tena": lam ya'ud ya'malu hunaa, hafanyi kazi hapa tena.

Sasa mwenye kitabu kinachoeleza kitenzi kizima tu, kataba yaktubu, atafanya nini mbele ya herufi hizo tatu? Atafungua kamusi mahali pa ayn, daal, daal, atapata "kuhesabu", na atakaa na sentensi isiyo na kichwa wala miguu. Ni vivyo hivyo kwa لم يقل, hakusema, lam yaqul. Mzizi ni qaaf, waw, laam, lakini waw haionekani. Asiyejua ataitafuta katika qaaf, laam, laam, akute "kuwa chache". Kamusi haikukosea, alikosea mlango.

Kwa hiyo kitabu ulichokishika kifungue kwenye majedwali na utafute vitenzi vinane: qaala, baa'a, khaafa, wasala, ramaa, da'aa, nasiya, na marra. Kila kimoja ni kiwakilishi cha kundi. Qaala, baa'a na khaafa vinafanana ukivitazama, lakini ukisema "mimi" vinaachana: qultu, bi'tu, khiftu. Ramaa inakuwa ramaytu, da'aa inakuwa da'awtu, nasiya inakuwa nasiitu. Kila kitenzi kiwe na nafsi zote 13: tano za umoja, tatu za uwili, tano za wingi. Vitabu vya kienyeji vya Kiarabu huhesabu 14 kwa kuwa antumaa huitaja mara mbili, msishangae. Kila nafsi iwe na wakati uliopita, mudhaari'i (wakati uliopo na ujao) wa kawaida, mudhaari'i baada ya an, na mudhaari'i baada ya lam, na nafsi ya pili iwe na amri pia. Tazama hasa safu ya lam, na mstari wa wanawake wengi, yaqulna. Hiyo ndiyo sehemu wachapishaji wavivu hukata kwa kuandika "na kadhalika". Jedwali lenye "na kadhalika" halikusaidii, kwa sababu hilo lililokatwa ndilo ambalo huwezi kulikisia.

Kuna kitu kingine kidogo kinachopima kitabu haraka. Nenda somo la tano au la sita, kwenye orodha ya msamiati. Mbele ya kila nomino pawe na wingi wake, kwa sababu wingi wa Kiarabu mwingi huvunjwa na hauna kanuni moja: kitaab, kutub, waziir, wuzaraa', madiina, mudun. Mbele ya kila kitenzi pawe na mudhaari'i wake na masdari yake, kataba, yaktubu, kitaaba, maana irabu ya katikati ya mudhaari'i haibahatishwi. Na kitenzi kinachoandamana na harufi fulani, yaani kihusishi kama fii au 'an, kiandikwe pamoja nayo. Raghiba fii ni kutaka kitu. Raghiba 'an ni kukipa kisogo. Orodha inayoandika "raghiba: kutaka" peke yake inakutengenezea aibu ya baadaye.

Tuje kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili, maana vitabu hivi havikuandikwa kwa ajili yetu, na vingine vinapoteza muda wetu huku vingine vikituruka.

Wengi hapa mmehitimu msahafu. Herufi mnazijua, kwa hiyo kitabu kinachotumia kurasa sitini kufundisha alifu kwa ijiti, au kinachoandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini mpaka katikati, si chenu. Lakini msijidanganye kwamba kusoma mmeshakujua. Msahafu una irabu kila herufi, na msomaji huifuata irabu. Ziondoe irabu uone: كتب. Je, ni kataba, aliandika? Kutiba, iliandikwa? Kattaba, alimwandikisha? Au kutub, vitabu? Hapa anayekuongoza ni nafasi ya neno katika sentensi, na huo ni ujuzi unaojengwa pole pole. Kitabu kizuri kinazipunguza irabu kadiri masomo yanavyosonga. Fungua somo la kwanza, la katikati na la mwisho, uyalinganishe. Kama la mwisho lina irabu zote kama la kwanza, utamaliza kitabu bila kuweza kusoma gazeti. Kama la kwanza halina irabu hata moja, kiliandikiwa darasa lenye mwalimu wa kusoma kwa sauti. Hati ya msahafu nayo ina maandishi yake, الصلوة kwa الصلاة, kwa hiyo tahajia ya kisasa jifunzeni kama kitu kipya.

Halafu kuna faida tuliyonayo bila kulipia. Waziri, rais, mahakama, wizara, siasa, idara, idhaa, jamhuri, katibu, maktaba, rasmi: taarifa ya habari ya Kiarabu imejaa majirani zetu. Shida ni kwamba Kiswahili kimeyalainisha. H yetu moja inabeba haa, khaa na haa ya kooni. S inabeba siin na swaad. T inabeba taa mbili. Ayn tumeiacha njiani. Sura ya mtu ni kwa swaad, صورة, na sura ya Qur'ani ni kwa siin, سورة, na kamusi iliyopangwa kwa mizizi haitakusamehe ukienda kwa herufi isiyo yake. Kila neno unalolijua kwa Kiswahili, liandike upya kwa Kiarabu kabla ya kulitumia.

Ngeli nazo zimetuzoesha jambo ambalo Mwingereza hutoka jasho kwalo: kwamba kivumishi hufuata nomino yake. Tazameni maneno haya ya gazetini: كتاب المدير الجديد. Bila irabu yana maana mbili. Yaweza kuwa "kitabu kipya cha mkurugenzi" au "kitabu cha mkurugenzi mpya". Sisi tunatofautisha kwa ki- na m-. Kiarabu kinatofautisha kwa irabu ya mwisho tu, al-jadiidu kwa kitabu, al-jadiidi kwa mkurugenzi, na irabu hiyo gazeti haliandiki. Kitabu cha sarufi kinachojua kazi yake kitasimama hapa, kikuonyeshe sentensi zote mbili bega kwa bega, na kikwambie kwamba mwandishi akitaka kuondoa utata husema al-kitaabu l-jadiidu li-l-mudiir. Kitabu kinachoishia na baabu l-bayti, mlango wa nyumba, kimekuonyesha idhaafa, yaani nomino kumilikiwa na nomino, iliyo nyepesi na kuificha iliyo nzito.

Pia kuna pale tunapojikwaa kwa sababu ya ngeli hizo hizo. Sisi tunasema vitabu vipya, wingi kwa wingi. Kiarabu kinasema al-kutubu l-jadiida, kana kwamba vitabu ni mwanamke mmoja. Wingi wa kila kisicho mtu huchukua kivumishi cha kike cha umoja. Na kitenzi kikitangulia mtenda hubaki umoja hata watendaji wakiwa mia: wasala l-wuzaraa'u, "aliwasili mawaziri". Mtenda akitangulia ndipo wingi unapokuja, al-wuzaraa'u wasaluu. Msemaji wa Kiswahili ataandika wasaluu l-wuzaraa' bila kuona kosa, na atalirudia miaka. Kitabu chenye mazoezi ya kugeuza mpangilio huu, mara kitenzi mbele mara nyuma, kinamponya.

Na hesabu! Tuliwaazima Waarabu sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu, tukadhani tumemaliza. Kuanzia tatu hadi kumi, namba huvaa jinsia iliyo kinyume na ya kitu, na kitu huwa wingi majruuri, yaani hutiwa i mwishoni: thalaathatu kutubin, thalaathu sayyaaraatin. Kuanzia 11 hadi 99 kitu hurudi umoja na kuwa mansuubu, yaani hutiwa a mwishoni: khamsata 'ashara kitaaban. Kwenye mia na elfu ni umoja majruuri: mi'atu kitaabin. Somo la namba likiwa na ukurasa mmoja tu, mwandishi amelikimbia. Waarabu wenyewe hulikosea mdomoni, kwa hiyo msilipe wiki nzima. Lielewe, liweke alama, ulirudie unapoandika.

Sasa mnataka majina. Nitayatoa, kila moja na msomaji wake.

Aliyepita chuoni, anayesoma herufi vizuri lakini hajengi sentensi, achukue Duruusu l-Lughati l-'Arabiyya ya Dakta V. Abdur Rahim, iliyotungwa kwa wanafunzi wasio Waarabu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Inaanza na haadhaa baytun, haadhaa masjidun, na mtu mzima huona haya kidogo. Avumilie. Kila somo linaongeza jambo moja, na kanuni inaingia kwa sentensi kabla ya kuingia kwa jina lake. Imeandikwa kwa Kiarabu kitupu, na miongozo yake ipo kwa Kiingereza, kwa hiyo asiyejua Kiingereza ajiunge na mwenzake anayekijua, wawe wawili. Upungufu wake ni kwamba lugha ya habari ni kidogo sana humo. Ukimaliza juzuu ya pili anza kuchanganya na aya moja ya gazeti kila siku. An-Nahwu l-Waadhih niliyoikosoa mwanzo inaingia hapa, juzuu zile za msingi, kama mazoezi ya ziada. Wakati huo vitenzi utakuwa navyo.

Aliyesoma sekondari au chuo kwa Kiingereza na anayependa kanuni zipangwe wazi atafaidika na Haywood na Nahmad pamoja na kitabu chake cha majibu. Mazoezi ni mengi na ya pande zote mbili. Mifano yake inachanganya ya kale na ya kisasa, na mingine imezeeka. Istilahi zake ni zile za sarufi ya Kilatini, kwa hiyo mwenye asili ya madrasa aandike pembeni: hii ni marfuu'u, hii mansuubu, hii majruuri, hii majzuumu. Al-Kitaab imejaa sauti na video na Kiarabu chake ni hai, lakini ilijengwa kwa ajili ya darasa. Mwanafunzi wake hujua "Umoja wa Mataifa" kabla hajajua "kijiko".

Mfasiri, mwandishi wa habari, au mwanafunzi wa chuo kikuu anahitaji kitabu cha rejea juu ya hicho cha masomo. Sarufi ya Karin Ryding, iliyochapishwa Cambridge mwaka 2005, ina zaidi ya kurasa 700, na mifano yake inatoka katika maandishi ya sasa. Haina mazoezi. Si ya kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ni ya kufunguliwa unapokwama na tamma au na inna. Anayeanza nayo ataijua nahau kama anayeijua ramani ya mji asiowahi kuutia mguu.

Anayekwenda Muscat au Dubai kufanya kazi, na shida yake ni kuelewana na watu sokoni na nyumbani, nahau hii ya kisasa haitamtosha. "Nataka" ya kitabuni ni uriidu. Ghuba utasikia abgha au abghi, Misri 'aayiz, Sham, yaani Syria na jirani zake, biddi. Huyo atafute kitabu cha lahaja ya pale anapokwenda, chenye sauti, na hiki cha fus-ha, yaani Kiarabu sanifu, akiweke kwa ajili ya kusoma mkataba wake wa kazi.

Kamusi ichaguliwe pamoja na kitabu, isiwe nyongeza ya baadaye. Ya Hans Wehr, iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 1952 na kwa Kiingereza mwaka 1961, imepangwa kwa mizizi, na chini ya kila mzizi vitenzi vilivyonyambuliwa vimepewa namba za Kirumi, II hadi X. Mwenye elimu, mwalimu na maalumu katika Kiswahili chake ameshaona mzizi mmoja ukizaa, na kunyambua vitenzi tunakujua: andika, andikia, andikisha. Sasa ajifunze kwamba 'allama, kufundisha, ni II, ta'allama, kujifunza, ni V, na ista'lama, kuulizia, ni X. Kama sarufi yako inazitaja wazani, yaani maumbo hayo ya vitenzi, kwa fa''ala na tafa''ala tu, chora jedwali la kulinganisha ulibandike ndani ya jalada la kamusi. Al-Mawrid ya Rohi Baalbaki imepangwa kwa herufi za neno lilivyo, bila mizizi. Inakusaidia mwanzoni, lakini ukiitegemea daima hutazoea kuuona mzizi, na يعد itaendelea kukusumbua.

Kuhusu nakala zenyewe. Kopi ya kopi hufifisha nukta, na baa, taa, thaa, nuun na yaa hutofautiana kwa nukta tu zinapokuwa mwanzoni au katikati ya neno. Shada yenye fataha juu yake katika karatasi chafu huonekana kama doa. Kuza ukurasa wa faili kabla ya kuuchapisha: kama huwezi kutofautisha kasra na nukta ya baa, tafuta nakala nyingine. Vitabu vya Misri mara nyingi huacha nukta za yaa ya mwisho, hivyo jina la Ali na harufi 'alaa huandikwa sawa, على. Na magazeti huacha hamza juu ya alifu, kwa hiyo ان moja inasimama kwa an, anna, in na inna. Hapo kumbuka kanuni moja inayolipa sana: baada ya qaala huja inna.

Kosa kubwa la wanaojisomea ni kuwa na vitabu vinne na kujua somo la kwanza la kila kimoja. Chagua kimoja cha masomo ukimalize hata kama kina kasoro, na vingine viwe vya kuulizia. Somo lisiwe limekwisha kwa sababu umelielewa. Limekwisha pale unapoandika zoezi lake la kutia Kiarabu bila kuchungulia, kisha ukarudia wiki inayofuata lile lile ukapata.

Majibu nayo yana namna yake ya kutumiwa. Andika sentensi zote za zoezi kwanza, kwa irabu kamili, ndipo ufungue majibu. Sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, usifute ulichoandika, maana baada ya masomo kumi ukirudi nyuma utaona kosa lako ni moja linalojirudia, pengine idhaafa, pengine jinsia ya namba. Jibu lako likitofautiana na la kitabu, usijihukumu papo hapo. Tazama irabu ya mwisho ya kila nomino, kisha kama kivumishi kimefuata nomino yake, kisha kama kitenzi kimekaa umoja mbele ya mtenda. Kama hayo yote ni sawa na tofauti ni mpangilio tu, wewe umeanza na mtenda na kitabu kimeanza na kitenzi, yaelekea nyote mko sahihi. Na kabla ya yote hayo, hakikisha toleo la kitabu cha majibu linalingana na toleo la kitabu chenyewe. Matoleo mapya hubadilisha namba za mazoezi, na mtu anaweza kukaa jioni nzima akisahihisha zoezi la 7 kwa majibu ya la 8.